Madoa kwenye Gari la Mzee Barasa

Siku ile tuliohusika tulikuwa watu wanane. Alikuwepo Mzee Barasa, mstaafu wa reli, mwenye gari. Alikuwepo binti yake Rose, aliyekuwa akiolewa siku hiyo, ameketi barazani anamaliziwa nywele. Alikuwepo Baba Njoki, aliyewahi kuwa dereva wa ofisi moja mjini, ndiye aliyenifundisha kuosha magari. Alikuwepo Mama Halima mwenye duka la hapo getini, na Kiprono, mlinzi wa geti. Alikuwepo mdogo wangu Nafula, wakati huo ana miaka kumi na miwili. Alikuwepo Musyoka, aliyetuletea maji kwa mkokoteni. Na nilikuwepo mimi, Nekesa, ambaye mbele ya hao wote nilimwita Musyoka mwizi.

Nimewataja mapema kwa sababu majina haya nitayahitaji tena, na kwa sababu ninyi vijana wa kiwanja hiki mna tabia ya kuruka mwanzo wa kila kitu, hata wa kuosha gari.

Mgongo ulinistaafisha, lakini bado mnaniita kutoka madirishani kila Jumamosi. "Anti, kuja uone. Nimeosha vizuri, nimesuuza vizuri, mbona gari lina madoa?" Nateremka, naangalia, na kila mara nakuta jambo lile lile: umeegesha juani, umeosha lote, umesuuza lote, halafu umeingia ndani kunywa chai ukingoja gari likauke lenyewe. Gari likikauka lenyewe huchagua lenyewe litakavyokaa.

Doa la maji si uchafu. Hilo lilinichukua miaka kuelewa, na sidai kwamba nimelielewa lote. Maji ya visima vya huku kwetu ni maangavu. Yatie kwenye glasi, huwezi kuyashuku. Lakini chemshia chai kwa birika moja mwezi mzima, kisha uangalie ndani: utakuta ukoko mweupe umeganda chini. Ukoko huo huo ndio unaobaki kwenye boneti kila tone linapokauka. Maji huenda zake, chumvi hubaki mahali tone lilipokuwa, na umbo la tone likabaki nayo.

Nilianza kazi hii nikiwa nimeacha shule darasa la saba. Wazazi wetu walifuatana ndani ya mwaka mmoja, na mimi nilikuwa wa kwanza kati ya watatu. Baada yangu ni Wafula, kisha Nafula, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Asubuhi nilimwosha Nafula, mchana nikaosha magari, na nawaambieni ukweli, gari ni rahisi zaidi. Halilii sabuni ikiingia machoni.

Baba Njoki alinikuta nikiosha gari la mwalimu mmoja kwa sabuni ya unga na fulana kuukuu. Gari lilikuwa jeupe. Nilipomaliza kulikausha, nyuzi za fulana zilikuwa zimelishika kote, limeota manyoya kama mbuzi. Alisimama, akachomoa uzi mmoja kwenye boneti.

"Binti, unaosha gari au unalivisha?"

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza shuleni tena, kama naweza kusema hivyo. Alinifundisha kuweka mgongo wa mkono kwenye boneti kabla ya kumwaga tone. Ukisikia unataka kuuondoa mkono, usioshe. Sogeza gari kivulini, au ungoje lipoe. Alinifundisha ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusafishia kitambaa, na kitambaa cha magurudumu kisikutane na kitambaa cha mwili hata kwa bahati mbaya. Alinifundisha kuosha kipande, kusuuza kipande, wala nisiache sabuni ikauke mlangoni nikiwa bado napambana na paa. Na akanipa kitambaa cha manjano, laini kama ngozi, tulichokiita shami. Hukisugui. Unakilaza juu ya bati, unashika ncha mbili, unakivuta kuelekea kwako. Maji yote yanakuja nacho.

Alichoshindwa kunieleza ni kwa nini siku nyingine nilifanya hayo yote na bado madoa yakaja. Tulikisia. Alisema ni sabuni. Mimi nikasema ni vumbi la barabarani. Wakati mmoja niliona njia ya mkato, nikapaka mafuta ya kupikia juu ya madoa ya gari la karani mmoja. Liling'aa ajabu. Karani alinisifu, akaondoka. Jioni alirudi akiwa amefika tu Outer Ring na kurudi, na vumbi lote la barabara ile lilikuwa limeshika gari, mtu angeweza kupanda mahindi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilikuwa na vitunguu.

Sasa turudi kwa Musyoka. Alikuwa na maji ya aina mbili. Ya kisima, tuliyoyaita ya chumvi, na ya mfereji, tuliyoyaita matamu, ambayo mfereji ulitoa siku chache tu kwa wiki. Mitungi yake yote ilikuwa ya manjano na yote ilifanana, kwa hiyo ile ya maji matamu aliifunga uzi mwekundu kwenye mpini. Nyumbani kwangu kulikuwa na sheria moja, niliitunga mwenyewe na niliirudia mpaka watoto wakaiota usingizini: maji ya uzi mwekundu ni ya chai na ya kupikia. Hayagusi sakafu, hayagusi nguo, hayagusi gari.

Chumba tulichokaa kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee Barasa, mtaani Donholm. Alitupa chumba hicho na akaniruhusu kuoshea magari kwenye kiwanja chake. Alipoamua kwamba binti yake ataenda kanisani kwa gari lake mwenyewe, lile jeusi alilolinunua alipostaafu, aliniita.

"Nekesa, nataka Rose ajione kwenye mlango wa hilo gari kama kwenye kioo."

"Atajiona, Mzee."

"Akijiona na madoa, wewe na mimi tutaongea."

Nilijua mazungumzo hayo yangekuwa ya nini. Watoto wawili wa shule, na mahali pa kulala pa watu watatu. Ijumaa jioni nilimwagiza Musyoka mitungi minne ya uzi mwekundu, kwa gari, mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikuwa nimeanza kushuku kwamba maji matamu huacha madoa machache. Akaileta, akaiweka mlangoni. Mimi nilikuwa kwingine nikimalizia gari la mtu.

Jumamosi nilianza nimechelewa. Watu wa harusi walikuwa wanapita huku na huku, kila mmoja ana kitu cha kunituma. Nilipomaliza kusuuza, jua lilikuwa limevuka ukuta na kukaa juu ya boneti. Nikageuka kuchukua shami, nikasimamishwa na shangazi mmoja aliyetafuta pini. Niliporudi, gari lilikuwa na madoa kutoka paa hadi mlango wa nyuma. Meupe, ya mviringo, mamia. Gari jeusi halifichi siri.

Baba Njoki, aliyekuwa amekuja kutazama kazi ya mwanafunzi wake, alivua kofia.

"Umelipaka chokaa?"

"Hilo ni pundamilia," Kiprono akasema kutoka getini. "Bibi harusi ataenda mbugani."

Rose alisimama barazani, nusu ya nywele imefungwa, nusu bado. "Baba, ni hilo ndilo litanipeleka?"

Mzee Barasa alinigeukia. Aliniangalia tu.

Nilifanya kile ambacho kila mmoja wenu hufanya. Niliongeza maji yale yale. Nikamwaga mtungi wa nne wote, nikasugua, na jua likafanya kazi yake haraka zaidi, na madoa yakazaa madoa. Nilichanganyikiwa kabisa. Maji yalikuwa ya uzi mwekundu, niliuona uzi kwa macho yangu. Mikono ilikuwa ile ile. Kitambaa kilikuwa safi. Nilizunguka gari mara tatu kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Hapo ndipo Musyoka akatokea na mkokoteni wake, akileta maji ya wapishi. Nikamwita. Nikamwonyesha gari, nikamwonyesha mtungi. Alichovya kidole kwenye maji yaliyobaki ndooni, akaonja.

"Haya ni ya chumvi," akasema.

"Umekubali."

"Nimekubali ni ya chumvi. Sijakubali ni yangu."

"Kwani mtungi ni wa nani?" Kiprono akauliza. "Na uzi ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi."

Nikasema kwa sauti iliyofika dukani kwa Mama Halima, maana alitoka na kusimama mlangoni. Nikasema: "Wewe ni mwizi, Musyoka. Unachota chumvi, unafunga uzi, unatuuzia kama maji matamu."

Hakukasirika, na hilo lilinichanganya zaidi. "Dada Nekesa, miaka minne nimekuletea maji. Umewahi kunywa chumvi kwangu?"

Nilirudia nilichosema, kwa sauti kubwa zaidi.

Aliinua mkokoteni wake, akaenda. Tukabaki tumesimama pale, mimi na pundamilia wangu. Baada ya kama nusu saa alirudi na mitungi miwili. Akaishusha karibu na gurudumu la nyuma, hakumtazama mtu, akaondoka. Baba Njoki alionja.

"Matamu."

Mzee Barasa alitikisa kichwa. "Mwizi akirudisha, amekiri."

Na kila mtu akaona hivyo. Mimi pia niliona hivyo, na niliona vyema sana kwa sababu ilinifaa. Tulilisukuma gari hadi kivuli cha ukuta, tukangoja bati lipoe. Mtungi wa kwanza tuliosha nao upya, na madoa, kwa kuwa yalikuwa bado mabichi, yakaachia. Mtungi wa pili niliumimina kwa kikombe, polepole, kuanzia katikati ya paa, maji yakateremka kama shuka moja yakibeba matone yote. Kumbukeni hilo: suuzo la mwisho lisiwe la kurusha. Kama una mpira wa maji, toa kichwa chake, acha maji yatiririke. Baba Njoki alishika shami upande mmoja na mimi upande mwingine. Tukafungua milango, tukapangusa kingo zake. Tukakunja vioo vya pembeni, maana tone hujificha humo na kukutoroka ukishasema umemaliza. Picha za harusi zipo. Gari linang'aa kuliko bwana harusi.

Musyoka hakuuza tena kwenye kiwanja kile. Watu walimpita kama hawamwoni. Haikuchukua muda tukasikia amehamia Njiru, na kijana mwingine akaja na mkokoteni, na sisi tukaendelea kunywa chai. Mimi nilibaki na chumba changu. Wafula akamaliza shule, Nafula akamaliza. Magari yakabadilika, kazi ikabadilika. Zikaja mashine za presha, likaja povu linalolifunika gari kama keki, na sasa mnanionyesha kwenye simu watu wanaoosha gari bila maji kabisa, wananyunyiza kitu na kupangusa. Mimi sibishani. Lakini naona hata hao wanapangusa kabla hakijakauka, kwa hiyo naona tuko pamoja.

Mwaka jana nilikuwa jikoni kwa Nafula. Ni mama wa watoto wawili sasa. Alikuwa ametia siki kwenye birika lake, anangoja ule ukoko mweupe uachie. Nikawa namweleza kwamba ndivyo ninavyotoa madoa yaliyolala kwenye gari: siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, unalowesha kitambaa, unakilaza juu ya doa, unahesabu hadi sitini, unasuuza kwa maji matamu na kukausha papo hapo. Kivulini. Na usiguse gari kwa unga wa kusugulia sufuria, ninao mlango mmoja wa kijani ninaoujutia mpaka leo. Nafula alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Dada, unakumbuka gari la harusi ya Rose?"

"Nitasahau vipi?"

"Yale maji ni mimi niliyabadilisha."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaeleza. Ijumaa ile jioni alikuta mitungi minne ya uzi mwekundu mlangoni. Akafanya kama nilivyomfundisha. Akayamimina yote kwenye pipa la kunywa, akalifunika. Halafu, kwa kuwa alijua nina gari la kuosha kesho yake, akaijaza mitungi ile maji ya chumvi kutoka pipa la kufulia, ili nisihangaike. Mtoto wa miaka kumi na miwili, alinyanyua kikombe kwa kikombe mpaka ikajaa yote minne.

"Uliniambia mwenyewe hayagusi gari," akasema.

"Na mbona hukusema pale?"

"Ulikuwa umeshasema wewe. Na Mzee Barasa alikuwa amesimama. Nilifikiri wakijua ni sisi, tutatolewa chumbani."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni sijui nimkasirikie nani. Nafula alitii. Musyoka alisema kweli. Sheria niliitunga mimi, na siku niliyoivunja sikumwambia mtu. Nafula alitaka kwenda Njiru mwenyewe kuomba msamaha. Nikamkatalia. Aliyejaza mitungi ni yeye, lakini mdomo uliosema ulikuwa wangu.

Sikumpata Musyoka kwa siku moja. Njiru imekua. Niliuliza wauza maji mmoja baada ya mwingine kandokando ya Kangundo Road mpaka nikaonyeshwa kibanda chenye tangi juu na mifereji miwili mbele. Mmoja ulikuwa umefungwa uzi mwekundu. Nywele zake zilikuwa zimekuwa mvi. Alinitambua kabla sijamsalimu.

"Dada Nekesa. Bado unaongeza maji?"

Nikamwambia yote. Alikuwa anajazia mama mmoja mtungi, akanisikiliza mpaka ukajaa, akafunga mfereji, akampa mwenyewe. Kisha akanigeukia.

"Siku ile ulinisema mbele ya watu wangapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Sita."

"Basi mimi ni wa saba. Usianze na wa saba."

Niliuliza jambo lililokuwa limenisumbua tangu jikoni kwa Nafula. "Lakini yale maji, Musyoka. Nilikuwa nimekutukana mbele ya watu. Uliyaleta kwa nini?"

Alinitazama kama mimi ndiye niliyesema kitu cha ajabu. "Si gari lilikuwa linakauka?"

Nimeligeuza jibu hilo kila upande na bado silielewi. Kama mnalielewa, njooni mnieleze.

Nikaanza kuzunguka. Nafula alijua tayari, huyo nilimtoa. Kiprono nilimpata Eastleigh, analinda nyumba ya wageni. Alisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Na mimi nilisema ni pundamilia." Nikamwambia hilo halikuwa kosa. Rose nilimpigia simu Kisumu anakoishi. Akasema, "Kwa hiyo niliolewa kwa maji ya Musyoka." Mama Halima aliendelea kupima mchele wake nilipokuwa naongea.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Niliendelea kununua kwake mpaka akahama. Mlango wa nyuma. Hayakuwahi kuwa ya chumvi."

"Na hukuniambia?"

"Uliniuliza, Nekesa?"

Baba Njoki alikwisha kufariki. Nilimwambia mjane wake, na nilipompelekea Musyoka habari alisema hiyo ataihesabu nusu.

Amebaki Mzee Barasa. Yeye si vigumu kumpata. Bado yuko nyumba ile ile, na gari jeusi bado liko, limefunikwa turubai, haliendi popote. Umri umemchukua. Anakumbuka stesheni zote za reli kwa mfuatano, lakini hakumbuki kama amekula. Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijavuka ukuta, natoa turubai na kuliosha, si kazi tena, ni mazoea yetu. Yeye hukaa barazani pale Rose alipokaa.

Mara ya kwanza nilimweleza pole pole, tangu mitungi hadi pipa. Alielewa. Alisikitika hasa, akashika kichwa. "Yule kijana wa watu," akasema. "Na mimi nilisema amekiri." Nilirudi chumbani nimepumua.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa navuta shami juu ya boneti aliponiita.

"Nekesa, na yule mwizi wa maji siku hizi yuko wapi?"

Nikaweka shami chini, nikaketi kwenye ngazi, nikaanza upya. Akaelewa. Akashika kichwa. Na Jumamosi iliyofuata akauliza tena, na iliyofuata. Nilimweleza Musyoka, nikidhani atanisamehe huyo mmoja. Alikuwa anafunga uzi mpya kwenye mfereji.

"Bado anasema mwizi?"

"Bado."

"Basi bado," akasema.

Kesho ni Jumamosi. Maji nimeshayaweka, nimeyaonja mwenyewe.